Bi Mashine na Mstari wa Besi

Kuna watu wakipiga hodi, mwenye nyumba anatafuta shati kwanza, kwa sababu anajua mlangoni amesimama mwanaume wa makamo mwenye shida nzito. Bi Mashine alikuwa wa namna hiyo. Sauti yake ilikaa chini kabisa, chini ya sauti ya mumewe, chini ya sauti ya kaka zake wote wanne, na haikuwahi kupanda tangu siku ilipoanguka akiwa na miaka kumi na tatu. Mumewe alikuwa fundi bomba. Bi Mashine akipokea simu ya mumewe, wateja wanamwamkia, "Shikamoo mzee," halafu wanaanza kumweleza choo kilivyoziba. Naye hawakatizi. Anawauliza maswali mawili ya maana, anawapa siku, anakata. Mume akitoka kuoga anakuta kazi imeshapangwa.

Jina la Bi Mashine alipewa na mtaa, na hakulikataa. Miaka kumi na tisa alikuwa anaendesha mashine ya kusaga nafaka kwenye chumba cha milango miwili, kuta zimepauka kwa unga mpaka kwenye kona za dari, buibui wenyewe weupe. Mashine imefungwa chini kwa nati nne kubwa, mota iko nyuma yake, na kati yao kuna mkanda unaozunguka siku nzima. Hakuhitaji kuitazama. Gunia likiwa na kokoto alisikia. Chekeche likianza kuchanika alisikia kabla mteja hajaona makapi kwenye unga wake. Ngurumo ya mota ilikuwa imeshaingia mwilini, akienda kulala inabaki kifuani kama mtu aliyeshuka kwenye gari bovu na bado anatikisika.

Sasa nyuma ya ukuta wa chumba hicho kulikuwa na ukumbi. Zamani ulikuwa ghala, baadaye ukawekwa mabenchi, na kila Jumanne na Alhamisi saa kumi jioni kwaya ya mtaa ilikuwa inafanya mazoezi mle ndani. Haikuwa kwaya ya dhehebu fulani. Watu wa dini zote walikuwemo na mmoja au wawili wasio na dini, nyimbo zao zilikuwa za kumshukuru Mungu kwa mvua, kwa ardhi, kwa kuamka wazima. Wakianza kuimba kule, Bi Mashine anaimba huku. Anamimina mahindi huku anaimba kwa nguvu zote, mdomo wazi, mishipa ya shingo imesimama, na mteja aliye hatua moja kutoka kwake hasikii kitu, anaona tu mama anafumba na kufumbua mdomo kama samaki. Nyimbo zote alizijua. Beti ambazo kwaya iliziruka kwa uvivu, yeye aliziimba.

Kitu kimoja tu alikuwa anakitaka na hajakipata: kusimama kwenye mstari na wenzake, aimbe, asikike.

Alijaribu mara mbili. Mara ya kwanza Mwalimu wa kwaya alimweka kwa wanawake wa sauti ya pili. Alijitahidi kupanda walipo wenzake, ikamtoka sauti kama mlango wa kabati lililokaa kwenye unyevu. Mara ya pili, mwaka uliofuata, alisema liwalo na liwe, akaimba pale anapoimbia siku zote. Wanaume wa besi walivunjika mbavu. Mwalimu hakucheka. Alimwita pembeni akamwambia kwa upole, na upole wenyewe ndio uliouma: "Mama, sauti unayo. Ila haina pa kukaa. Kwa wanawake haifiki, na besi ni mstari wa wanaume."

Mwalimu huyu kazi yake ilikuwa kutengeneza saa. Alikuwa na kibanda cha kioo mbele ya duka la viatu, kioo kidogo cha kukuzia amekibana jichoni, na vidole visivyotetemeka. Alivaa shati lililopigwa pasi hata kwenye mikunjo ya kiwiko. Kitu kilichompa heshima mtaa mzima ni kwamba hakutumia kinanda wala filimbi kutafuta sauti ya kuanzia wimbo. Alinyanyua kidole, akafumba macho, akasubiri kidogo, halafu akaitoa mwenyewe, mmmm, na kwaya ikaingia. Miaka kumi na moja hakuwahi kukosea ukumbini. Wakialikwa harusini, hapo kunakuwa na mpiga kinanda wa kukodi, lakini ukumbini ni kidole na kichwa chake tu. Watu walisema ni kipaji. Mwalimu hakuwakatalia.

Basi Mwalimu akapata wazo. Kwaya ijifungie siku tatu mlimani, kwenye kambi ya msitu, Ijumaa hadi Jumapili. Hakuna simu, hakuna spika, hakuna kinanda. Waimbe na ndege na maji, watulie, kila mtu amtafute Mungu wake bila makelele ya mjini. Jumapili mchana watu wa vijiji vya chini ya mlima wangealikwa kuja kuwasikiliza. Wanakwaya walikuwa ishirini na sita, wote walikubali, wengine kwa ajili ya roho na wengine kwa ajili ya kutoka nyumbani. Ikabaki swali la nani atapika.

Mdogo wake Bi Mashine, ambaye alikuwa wa sauti ya kwanza na ndiye aliyepewa vipande vya peke yake, alimtaja dada yake. Jioni akaja nyumbani kumweleza, anazunguka maneno, anaogopa atamwudhi. Bi Mashine alikubali kabla hajamaliza.

Mumewe alikuwa sakafuni anafunga bomba la sinki. Alimwuliza akiwa kichwa kimeingia kabatini, "Kwa hiyo unaenda kupika?"

"Naenda kuimba."

"Wamekuita jikoni, mke wangu."

"Wameniita," alisema Bi Mashine. "Mengine nitayajua hukohuko."

Mume alicheka ndani ya kabati mpaka akajigonga. Lakini kesho yake alimtengenezea jiko la kuni la kubebeka, la miguu mitatu, na alipomaliza alisimama juu yake kuhakikisha halitanesa.

Mashine alimwachia binamu yake, maelekezo nusu saa, na Ijumaa asubuhi akapanda lori pamoja na masufuria, viazi, maharage na kwaya nzima. Lori liliendeshwa na mmoja wa watu wa besi, bonge la mtu ambaye wote walimwita Dereva hata akiwa hajashika usukani.

Kambi ilikuwa mabanda matatu ya mbao kwenye ukingo wa msitu, uwanja wa nyasi mbele yake, na kijito kinapita chini. Mwenyeji wao alikuwa mlinzi wa msitu, mwanamke mwembamba wa mabuti ya mpira, maneno machache. Aliwaambia sheria zake akiwa amesimama: msikate tawi, msiache moto, na kila asubuhi kuanzia saa kumi na mbili hadi saa moja hakuna kusema. Kila mtu atafute mahali pake, anyamaze. Mmoja akauliza wakinyamaza watakuwa wanafanya nini. Akajibiwa, "Msikilize msitu kabla hamjauimbia. Ukija kwa watu unaanza kuongea wewe?"

Jioni hiyo walijipanga kwenye nyasi kwa mazoezi ya kwanza. Bi Mashine alikuwa hatua ishirini kutoka kwao, anamenya viazi, masikio yote huko. Mwalimu akanyanyua kidole. Akafumba macho. Akasubiri, mara hii kwa muda mrefu kidogo, halafu akatoa sauti, na kwaya ikaingia.

Ubeti wa kwanza ulikuwa mzuri. Wa pili shingo zikaanza kunyooka. Kufika wa tatu, mahali wimbo unapopanda, sauti ya kwanza ikapasuka kama kitambaa. Mdogo wake Bi Mashine, ambaye hajawahi kukosa noti tangu ajiunge, alishika koo na kunyamaza. Mwalimu alisimamisha, akanyanyua kidole tena, akatoa sauti nyingine. Safari hii walianza chini mno, watu wa besi wakawa wanakwaruza kama wanatafuta sarafu chini ya kitanda. Mara ya tatu ikawa juu kuliko ya kwanza.

Mwalimu alisema ni uchovu wa safari. Akawaruhusu wakapumzike.

Asubuhi ya Jumamosi kengele ya kuanza kunyamaza ilipogongwa, Bi Mashine alikuwa ameshabandika chai. Alishuka mpaka kijitoni akakaa juu ya jiwe. Hakujua aanzie wapi. Yeye na Mungu wake walizoeana, lakini walizoeana kwenye kelele. Alimwomba akiwa amesimama mbele ya mashine, kwa sauti kubwa, bila aibu, akamweleza mgongo wa mumewe, ujauzito wa mdogo wake uliotoka mara mbili, ukorofi wa wateja, kila kitu, kwa sababu hakuna mwingine aliyeweza kusikia. Sasa kimya kimemzunguka pande zote, na alijisikia kama amekutana ana kwa ana na mtu aliyezoea kuongea naye kwa simu tu. Maneno yote yakamwisha. Alishika mikono yake, akaitazama, akaona unga umebaki pembeni mwa kucha.

Akakaa hivyohivyo. Baadaye kidogo akaanza kusikia. Maji yalikuwa na sauti yao, moja, haipandi wala haishuki. Ndege mmoja alikuwa anarudia noti mbili kama mtu anayebishana na nafsi yake. Wadudu walikuwa juu kabisa, wembamba kama uzi. Na chini ya vyote hivyo, kifuani mwake mwenyewe, mashine ilikuwa inanguruma. Palepale inapokuwa siku zote. Mlima mzima ulinyamaza na yenyewe haikunyamaza. Akaifuata kwa koo, polepole, mdomo umefungwa, mmmm, na mwili wote ukatulia. Hakuomba kitu. Ilimtosha kukaa na Mungu wake bila kuagiza chochote. Kengele ilipogongwa tena alishangaa saa imekwisha.

Mazoezi ya asubuhi yalikwenda mrama kuliko ya jana. Mwalimu alisema ni baridi. Yale ya kabla ya chakula akasema ni chai ya maziwa, akaagiza wanywe maji ya moto matupu. Watu wakaanza kunong'onezana. Wengine walisema mlima una hewa nyepesi. Dereva akasema labda Mwalimu amezeeka, akakanyagwa mguu na jirani yake anyamaze.

Mchana ule Bi Mashine alikuwa anasugua sufuria kubwa kwa mchanga, ameinama, na kifua chake kikawa kinanguruma chenyewe kama kawaida yake akishika kazi ya nguvu. Hakuwa anawaza chochote. Kule uwanjani Mwalimu akanyanyua kidole, akafumba macho, akasubiri. Akatoa sauti. Kwaya ikaingia, na wimbo ukakaa sawasawa kama kifuniko kwenye sufuria yake. Ubeti wa kwanza, wa pili, wa tatu, mdogo wake Bi Mashine akapanda kule juu bila jasho. Walipomaliza walipiga makofi wenyewe kwa wenyewe. Mwalimu alikuwa amenyooka kama mtu aliyerudishiwa kazi. Akawaambia, si alisema, ilikuwa ile chai.

Bi Mashine aliacha kusugua ili asikilize vizuri. Akaacha na kunguruma. Wimbo uliofuata ukaanzia juu, ukavunjika ubeti wa pili.

Alikaa chini kwenye gogo na mchanga mikononi. Kisha akajaribu makusudi. Akanguruma, wakapatia. Akanyamaza, wakakosa. Akanguruma tena, wakapatia. Hapo akakumbuka na mengine. Zile Jumanne ambazo umeme ulikatika na mashine ikasimama, kwaya nayo ilikuwa inatawanyika mapema, mdogo wake anapita kumwambia leo Mwalimu amesema hewa nzito, turudi nyumbani. Miaka kumi na moja. Mwalimu alikuwa anafumba macho na kusikiliza kichwani mwake, kumbe anasikiliza ukuta. Nyuma ya ukuta kuna mota, na mbele ya mota kuna yeye.

Alicheka peke yake mpaka machozi, halafu kicheko kikamwisha ghafla. Maana alielewa pia jambo hili lingemfanya nini Mwalimu likitajwa mbele za watu.

Kwa hiyo alimngojea. Alasiri Mwalimu alishuka kijitoni kunawa uso, peke yake, mabega yamelegea. Bi Mashine alimfuata na ndoo mkononi, akamwamkia, akamweleza yote bila kuzungusha. Mwalimu alisikiliza huku maji yanamchuruzika kidevuni. Mwanzo alikataa. Akasema kitu kama hicho hakiwezekani, sauti ni karama. Bi Mashine hakubishana naye. Alinguruma tu, kidogo, mdomo umefungwa. Uso wa Mwalimu ulibadilika, kwa sababu aliitambua. Mtu anayetengeneza saa hawezi kudanganywa na kitu kinachokwenda sawasawa.

Alijifuta kidevu kwa kiganja. Halafu akauliza nani mwingine anajua.

"Mimi na wewe," alisema Bi Mashine. "Na sina sababu ya kumwambia mtu."

Mwalimu alishusha pumzi. Akaanza kupanga, haraka haraka, kama mtu aliyeona mlango. Kesho wageni wanakuja. Bi Mashine angekaa pale pale jikoni, karibu kidogo, labda nyuma ya ule mti mkubwa. Yeye akinyanyua kidole, mama angenguruma, basi, hakuna atakayejua. Na wakirudi mjini mambo yataendelea kama zamani.

"Nyuma ya mti sikai, Mwalimu."

"Ni wimbo mmoja mmoja tu, mama yangu. Sekunde mbili."

"Miaka kumi na moja nimekaa nyuma ya ukuta na nilikuwa sijui. Sasa najua. Ukitaka sauti nitakupa, bure, sina nia ya kukunyima. Lakini nitaitolea kwenye mstari wa besi, na nikishaitoa sitoki, naimba mpaka mwisho na wenzangu."

Mwalimu akasema mwanamke hajawahi kusimama besi. Wageni watacheka. Kwaya itakuwa kichekesho cha wilaya.

"Wakicheka mimi nipo, nitacheka nao," alisema Bi Mashine, akajaza ndoo yake, akapanda zake. Hakuwa amekasirika. Alikuwa ameshasema.

Usiku walikula maharage, wakalala mapema. Jumapili asubuhi Mwalimu alijaribu tena mwenyewe, mara tano, Bi Mashine akiwa amebana midomo kwa makusudi huku anakatakata vitunguu. Mara zote tano alikosa. Hakutazama upande wa jikoni hata mara moja. Mdogo wake Bi Mashine alikuja kuomba maji ya moto, macho mekundu, akamwambia, "Dada, leo tunaumbuka." Bi Mashine alimpa maji akamsugua mgongo, akamwambia anywe taratibu.

Saa nane wageni walianza kupanda. Walikuja wengi kuliko walivyotegemewa, kama mia na zaidi, wamevaa vizuri, wengine wamebeba viti vyao kichwani, wakakaa kwenye nyasi wakiwa wamewaachia waimbaji kivuli. Mlinzi wa msitu alivua mabuti, akaosha miguu, akakaa mbele kabisa. Kwaya ikajipanga nusu duara. Mwalimu akatoka katikati, shati limenyooka, akawainamia wageni, akageukia watu wake. Kidole kikapanda. Macho yakafumba.

Kimya. Maji kule chini yalisikika. Ndege wa noti mbili alibishana na nafsi yake mara tatu, nne. Wageni waliona ni sehemu ya ibada wakatulia zaidi. Kidole cha Mwalimu, ambacho hakijawahi kutetemeka juu ya saa ya mtu, kilikuwa kinatetemeka.

Bi Mashine alikuwa amesimama karibu na jiko la mumewe, aproni kiunoni. Alijua kabisa kwamba akinguruma pale alipo, sasa hivi, kila mtu ameokoka. Mdogo wake ameokoka, Mwalimu ameokoka, wageni watarudi wakisifu. Na alijua pia kwamba akinguruma pale alipo, atanguruma kutoka jikoni maisha yake yote. Alimtazama mdogo wake, ameshika sketi kwa mikono miwili. Ilimuuma. Angemwacha aumbuke? Hapana. Lakini jikoni hatabaki.

Akafungua aproni, akaikunja mara mbili, akaiweka juu ya gogo. Akapiga moyo konde akakatiza uwanja.

Hatua ishirini si nyingi, lakini macho ya watu mia yakikufuata zinakuwa barabara. Hakukimbia wala kuinama kama mtu anayepita mbele ya watazamaji. Alitembea kama anavyokwenda kuzima mota, kwa sababu ni kazi yake na hakuna mwingine wa kuifanya. Alipita nyuma ya sauti ya kwanza, nyuma ya sauti ya pili, akafika kwa wanaume. Dereva alimwona anakuja akatoa macho.

"Sogea kidogo, Dereva."

"Mama, huku ni besi," alimnong'oneza.

"Najua. Sogea."

Dereva akasogea. Mtu wa ukubwa ule akisogea mstari wote unasogea, na nafasi ikapatikana, pana kabisa, kama ilikuwepo siku zote. Mwalimu alifumbua macho kwa ule mchakacho wa miguu. Akamwona. Wakatazamana, yeye kidole bado kiko juu. Angeweza kutikisa kichwa, na Bi Mashine mwenyewe hakujua angefanya nini kama angetikisa. Mwalimu alimtazama kama anavyoitazama saa iliyokwisha kuwashinda mafundi watatu. Kisha kidole kikashuka, mkono ukafunguka, kiganja juu, kikamwelekea yeye.

Bi Mashine akaitoa.

Ilitoka bila kujificha chini ya kitu chochote, nene, imetulia, ikapita juu ya nyasi mpaka kwa watu wa mwisho kabisa. Kwaya haikusubiri kuambiwa. Miaka yote miili yao ilikuwa inaijua sauti ile, ikaingia ndani yake kama watu wanaoingia kwao. Wageni walinyanyua vichwa wakaanza kumtafuta mwenye nguvu ile kwa wanaume. Walimtazama Dereva, wakamtazama mzee wa kofia pembeni yake, macho yakamruka mama aliyeko katikati, yakarudi, yakamruka tena. Mlinzi wa msitu ndiye aliyempata wa kwanza. Alitabasamu, akamwonyesha jirani yake kwa kidevu.

Wapo waliocheka, ndiyo. Kicheko kilidumu nusu ya ubeti wa kwanza. Ubeti wa tatu una mahali ambapo wote wananyamaza na besi inabaki peke yake kwa mstari mmoja, inamshukuru Mungu kwa udongo ambao haujawahi kumkataa mtu. Kwa kawaida watu wa besi walipita pale kwa woga, kila mmoja akijificha nyuma ya mwenzake. Leo walikuwa na kitu cha kukanyagia. Walifungua vifua. Dereva aliimba mpaka shingo ikamvimba, huku anamtazama Bi Mashine kwa pembe ya jicho kama mtu aliyegundua jirani yake ana gari. Naye Bi Mashine alikuwa anasema na Mungu wake yale yale anayoyasema siku zote, kwa nguvu zile zile, tofauti ni kwamba sasa watu walikuwa wanasikia, na hakuona aibu hata chembe. Mdogo wake alipanda kwenye noti ya juu akakaa pale, raha mustarehe, na alipomaliza aligeuka nyuma kabisa, bila kujali kanuni, kumtazama dada yake.

Wimbo ukaisha. Watu wa vijijini walikaa kidogo kabla ya kupiga makofi, halafu wakapiga wakiwa wamesimama.

Mwalimu alijifuta uso kwa leso iliyopigwa pasi. Kwenye karatasi yake kulikuwa na nyimbo saba bado. Angeweza kutaja wimbo wa pili na kumkonyeza Bi Mashine kimyakimya, wangeelewana, na wageni wasingejua lolote. Aliikunja leso akaitia mfukoni. Kidole hakukinyanyua. Aligeukia upande wa wanaume, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka nyuma, mbele ya kwaya yake na mbele ya wageni wote:

"Wimbo wa pili. Bi Mashine, tupe sauti."

Mtu wa haraka angeitoa hapohapo. Yeye hakuwa na haraka. Alirekebisha kilemba, akameza mate, akajipa nafasi zaidi kati ya Dereva na mzee wa kofia, akapanga miguu yake vizuri kwenye nyasi. Watu ishirini na sita na Mwalimu wao walimngoja. Ndipo akavuta pumzi.